Mgeni Darasani

Msomaji kijana, wazee wetu walisema kuwa mgeni ni kuku mweupe. Maana yao ni kwamba katika uwanja wenye kuku wa rangi nyingi, yule mweupe huonekana kabla ya wote: mwewe humwona, watoto humwona, na kila atendalo hutazamwa. Sijui kama kuna mahali ambapo methali hii hutimia kama inavyotimia darasani. Mwanafunzi atokaye nchi nyingine huingia mlangoni, na macho themanini humgeukia kabla hajapata nafasi ya kuketi. Akinyamaza huambiwa ana kiburi. Akisema, matamshi yake huchekwa.

Insha hii yakusudia kukueleza habari za wanafunzi wa namna hiyo katika mji wa Eldoret, uliopo magharibi ya Kenya, katika uwanda wa Uasin Gishu. Nimeuchagua mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, mji wenyewe ulianza kwa wageni, na tangu hapo haujakoma kupokea wageni wengine. Pili, watoto wa Eldoret nao wamepata kwenda kuwa wageni katika nchi za watu. Basi atakaye kujua ugumu wa ugeni shuleni atapata hapa mifano ya pande zote.

Uwanda wa Uasin Gishu uko juu sana. Mji wa Eldoret umesimama kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Jina la uwanda huo limetokana na ukoo mmoja wa Wamasai waliolisha ng'ombe wao huko zamani. Baada yao Wanandi walipeleka mifugo yao katika majani yale yale. Lakini Wanandi waliupinga utawala wa Waingereza na reli yao kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905. Baada ya hapo serikali ya kikoloni iliupima uwanda na kuukata mashamba, ikayagawa kwa watu wa mbali.

Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Transvaal, Afrika ya Kusini, chini ya kiongozi wao Jansen van Rensburg. Walikuwa zaidi ya watu 200, wanaume kwa wanawake na watoto. Walipanda meli iitwayo Windhuk katika bandari ya Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo, wakashuka Mombasa. Kutoka Mombasa walichukuliwa kwa garimoshi mpaka Nakuru, na kutoka Nakuru walipanda milima kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wakikata misitu na kukwama matopeni. Mwezi wa Oktoba walifika uwandani. Makao yaliyoota katikati ya mashamba yao yaliitwa kwa nambari ya shamba, yaani 64, na wenyeji waliigeuza nambari hiyo ya Kiingereza kwa ndimi zao wakasema Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, na reli iliufikia mji mwaka 1924.

Sasa fikiri juu ya mtoto aliyeshuka katika magari yale. Wazazi wake walikuwa wametoka katika vita vya Makaburu na Waingereza vya mwaka 1899 hadi 1902. Katika vita hivyo wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 20,000 walikufa katika kambi walizofungiwa na jeshi la Waingereza, wengi wao kwa maradhi. Vita vilipokwisha, watawala walikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika shule za Transvaal. Mtoto huyo alipofika Uasin Gishu alikuta kuwa serikali ni ya Waingereza vile vile, na shule za serikali ni za Kiingereza. Nyumbani alisema Kiafrikaans. Kanisani alisikia Biblia ya Kiholanzi, kwa kuwa Biblia kamili ya Kiafrikaans haikuchapishwa mpaka mwaka 1933. Darasani alitakiwa kufikiri kwa lugha ya watu waliowashinda baba zake. Si ajabu basi kuwa suala la lugha ya shule lilikuwa ugomvi wa muda mrefu kati ya wazazi wa Kikaburu na serikali, na kuwa baadhi ya jamaa walipendelea kuwafundisha watoto wao nyumbani mashambani.

Kwa upande huo mtoto wa Kikaburu anastahili kuhurumiwa. Lakini mizani ya historia ina sahani mbili. Wazazi wa mtoto huyo walikuwa wageni wenye nguvu. Walipewa ardhi, na kwa kuwa walihesabiwa kuwa Wazungu, serikali ilitumia fedha kuwajengea shule watu wa rangi yao. Elimu ya Kenya wakati ule iligawanywa kwa rangi: Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali, na fungu la Mwafrika lilikuwa dogo kuliko mafungu yote. Mtoto wa Kiafrika ambaye baba yake alilima katika shamba la mlowezi hakuweza kuingia katika shule ya mtoto wa mlowezi, hata kama paa lake alikuwa akiliona kila siku alipochunga ng'ombe. Shule ya serikali kwa Waafrika katika nchi ya Wanandi ilifunguliwa Kapsabet mwaka 1925, na mtoto wa shambani aliyetaka kufika huko alihitaji bahati na miguu yenye nguvu. Ndipo lilipotokea jambo la kinyume: mgeni alikuwa na shule karibu, na mwenyeji akawa mgeni katika nchi ya babu zake.

Uhuru ulipokaribia, Makaburu wengi waliuza mashamba wakarudi kusini, na baada ya tarehe 12 Desemba 1963 walibaki wachache mno. Shule za rangi moja zilifunguliwa milango kwa watoto wote. Tukumbuke kisa hiki, kwa sababu kinatufundisha kuwa ugeni ni wa namna nyingi. Kuna mgeni ambaye shule hugeuzwa imfuate yeye, na kuna mgeni ambaye hana budi ajigeuze aifuate shule. Wageni wa Eldoret waliofuata baadaye walikuwa wa namna hii ya pili.

Nchi ya Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, lakini kabla ya siku hiyo kufika, askari wa kusini walikuwa wameasi katika mji wa Torit mwezi wa Agosti 1955. Serikali ya Khartoum ilitaka Kiarabu kiwe lugha ya shule za kusini. Mwaka 1960 siku ya mapumziko huko ilihamishwa kutoka Jumapili ikawa Ijumaa, na wanafunzi wakagoma. Mwaka 1964 wamisionari wa kigeni, ambao shule nyingi zilikuwa mikononi mwao, walifukuzwa. Vita vilisimama mwaka 1972 kwa mapatano ya Addis Ababa, vikaanza upya mwaka 1983. Utaona, msomaji, kwamba vita hivyo tangu mwanzo vilikuwa na darasa ndani yake. Watu walipigana kwa ardhi na mamlaka, na pia kwa ajili ya lugha ambayo mtoto angefundishwa.

Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilianguka Ethiopia, na maelfu ya wavulana wa Sudan ya Kusini waliokuwa wamekimbilia huko walilazimika kutoka tena kwa miguu. Mwaka 1992 wengi wao walivuka mpaka wa Kenya, na kambi ya Kakuma ikafunguliwa kwa ajili yao katika nchi kame ya Waturkana. Kambi ilikuwa na shule, lakini wanafunzi walikuwa wengi na walimu na vitabu vilikuwa vichache. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini ila kwa kibali. Hata hivyo, kwa kibali na kwa msaada wa jamaa walio mbali, au kwa fadhili za makanisa na mashirika, vijana walianza kuifuata barabara ya kusini kwenda Lodwar, Kitale na Eldoret kutafuta shule. Katika miaka iliyofuata akina mama wa Sudan ya Kusini walipanga nyumba Eldoret, wakaishi na watoto wao na watoto wa ndugu zao, huku baba wakibaki vitani au kazini. Mji ulikuwa na shule nyingi na chakula kingi kutoka mashambani, na Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimeanzishwa karibu yake mwaka 1984.

Tuyatazame sasa mambo yaliyowasumbua wanafunzi hao, moja baada ya jingine.

La kwanza ni lugha, nalo lilikuwa na vichwa viwili. Mtoto aliyesoma Khartoum au katika miji iliyoshikwa na serikali alikuwa amefundishwa kwa Kiarabu, akiandika kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto aliyesoma katika sehemu zilizoshikwa na jeshi la John Garang alikuwa amefundishwa kwa Kiingereza. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kufika Eldoret mmoja akiwa na elimu ya namna hii na mwingine ya namna ile. Wote wawili, lakini, walikutana na Kiswahili, ambacho tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kilikuwa somo la lazima lenye mtihani. Wewe uliyekua nacho huoni ugumu wake. Husema mtoto mzuri, kiti kizuri, jina zuri, nyumba nzuri, na hujiulizi kwa nini uzuri ule ule umebadili vazi mara nne. Mwambie mtu azoee mavazi hayo yote akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, kisha aandike insha kwa dakika arobaini, nawe utamheshimu akipata nusu ya alama.

La pili ni cheo cha darasa. Shule ilipompima mgeni ilimpima kwa maswali ya Kiingereza na Kiswahili. Akishindwa, aliteremshwa. Kijana wa miaka kumi na sita aliweza kujikuta katika darasa la nne, magoti yake hayaingii chini ya dawati, na wenzake ni wadogo kuliko mdogo wake wa mwisho. Yamkini alijua hesabu za darasa la saba. Lakini swali la hesabu likiandikwa kwa maneno, humpima msomaji wa maneno kabla ya kumpima mjuzi wa hesabu. Hapa ndipo wengi walipokata tamaa, si kwa kukosa akili, bali kwa aibu.

La tatu ni jina na karatasi. Msudan ya Kusini kwa desturi huchukua jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Daftari la shule hutaka jina la ukoo, na ndugu wa familia moja huonekana kama hawana uhusiano wakiandikwa vibaya. Tena shule huuliza hati ya kuzaliwa na cheti cha darasa lililopita. Aliyezaliwa kichakani wakati wa vita, na ambaye shule yake ilichomwa moto, atavitoa wapi?

La nne ni fedha. Mwezi wa Januari 2003 Kenya iliondoa ada katika shule za msingi za serikali, na hilo liliwafaa wageni pamoja na wenyeji. Lakini ada za sekondari na kodi ya nyumba zilitegemea fedha zilizotumwa kutoka mbali. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na wengi walidhani taabu zimekwisha. Tarehe 15 Desemba 2013 vita vipya vilizuka Juba, na katika miaka iliyofuata thamani ya fedha ya nchi hiyo iliporomoka. Mshahara uliokuwa ukilipia watoto watatu Eldoret ukawa hautoshi mmoja. Mwanafunzi alifukuzwa ada kwa sababu ya risasi zilizolia mamia ya maili mbali naye.

La tano halina jina rahisi. Ni baridi kwa mtoto aliyetoka katika joto la Kakuma. Ni chakula kisicho na ladha ya nyumbani. Ni utani wa wenzake juu ya weusi wa ngozi yake na urefu wa miguu yake. Ni kuchaguliwa kila mara kucheza mpira wa kikapu, kana kwamba mtu mrefu hawezi kupenda ushairi. Ni pia kumbukumbu ambazo mtoto hataki kuzisimulia, na ambazo mwalimu huzidhani kuwa uvivu anapomwona anatazama dirishani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wote walishindwa. Wengi walifaulu mitihani, wakaenda vyuoni, wakarudi kwao kuwa walimu, waganga na watumishi wa serikali. John Garang mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1945, alipata elimu yake ya sekondari Tanzania akiwa kijana mgeni, kabla ya kwenda Marekani kusoma chuoni Grinnell. Tena Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Kiswahili walichojifunza kwa taabu vijana wa Eldoret kilikuwa mali mikononi mwao. Lakini baadhi yao waliporudi Juba walicheka na kulia pamoja: Kiarabu cha sokoni kilikuwa kimewapotea, nao wakaitwa wageni nyumbani kwao.

Huenda ukasema moyoni mwako kuwa hayo ni mambo ya watu wengine. Ngoja nikukumbushe mambo mawili ya watu wa hapo hapo.

Kuanzia miaka ya 1970 vijana wengi wa Nandi na Uasin Gishu walikwenda kusoma Marekani kwa sababu ya wepesi wa miguu yao. Mmoja wao ni Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978, alipokuwa mwanafunzi wa Washington State University. Dunia ilimpigia makofi uwanjani. Lakini yeye mwenyewe alikuja kueleza baadaye, katika kitabu cha maisha yake, jinsi pombe ilivyomtesa katika nchi ile ya ugenini. Kama mtu aliyewashinda wakimbiaji wote wa dunia alitaabika hivyo, usishangae mtoto asiye na sifa yoyote akilemewa.

Jambo la pili ni chungu zaidi. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, majirani wa Uasin Gishu waliinukiana. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Maelfu ya watu waliishi katika mahema katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Wakenya wengine walivuka mpaka wakawa wakimbizi Uganda. Watoto wao waliingia katika shule ambazo elimu ya msingi ilikuwa ya miaka saba badala ya minane, na ambazo Kiswahili, somo walilolijua vema, hakikuhesabiwa sana. Wenyeji wa jana walisimama mlangoni mwa darasa la watu, na macho themanini yakawageukia.

Kwa sababu hii sheria za watu wastaarabu hazikumwacha mtoto mgeni kwenye huruma peke yake. Mkataba wa wakimbizi wa Geneva wa mwaka 1951 unaagiza kuwa katika elimu ya msingi mkimbizi atendewe sawa na raia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Yatazame vizuri maneno hayo: imeandikwa kila mtoto, haikuandikwa kila mtoto wa Kenya. Neno moja likiongezwa hapo, dawati moja lingeondolewa darasani.

Lakini katiba haiketi darasani. Wewe ndiwe unayeketi. Sheria yaweza kumpa mgeni dawati. Haiwezi kumpa mtu wa kuketi naye. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hudhani methali hii ni ya ukali, kana kwamba yamfukuza mgeni. Mimi naiona ni ya heshima. Siku mbili za kwanza mgeni hulishwa na kutazamwa. Siku ya tatu hupewa kazi, maana yake amekuwa mmoja wa nyumba. Jembe la mwanafunzi ni daftari na kalamu. Mpe mgeni maandishi yako ya wiki iliyopita ayanakili. Mrekebishe neno lake bila kulirudia kwa kicheko. Muulize jina lake na namna linavyotamkwa, nawe ujifunze salamu moja ya kwao. Mweke katika kundi la kujadili, si katika kundi la kukimbia tu. Kisha mdai kazi yake kama unavyodaiwa yako, kwa maana kumsamehe kila kitu nako ni njia ya kumwambia kuwa hawezi.

Wazee wale wale walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Serikali ya Idi Amin ilipowatimua wasomi wa Uganda katika miaka ya 1970, walimu wengi wa Uganda waliingia katika shule za sekondari za Kenya, na Wakenya wengi walio wazee leo walifundishwa hesabu na sayansi na wageni hao. Hakuna ajuaye ni nani kati ya wageni waliopo darasani mwako leo atakayekuwa mganga wa mtoto wako kesho. Wala hujui, msomaji kijana, ni mlango gani wa ugenini utakaousimamia wewe mwenyewe ukitafuta mahali pa kuketi.